Barua yenye ankara: kuchagua ukaguzi wa virusi kwa seva ya barua pepe ya wakala wa forodha

Mteja wa Lubumbashi ndiye aliyegundua. Mizigo yake hupitia bandari ya Dar es Salaam, na asubuhi ya Jumanne moja alipokea barua pepe kutoka kwa mhasibu wa wakala wake ikimwambia akaunti ya kulipia imebadilika. Anwani ilikuwa ya mhasibu kweli, salamu za mwisho zilikuwa zake, na namba ya kontena ilikuwa sahihi. Kilichomtia shaka ni nchi ya benki. Akapiga simu kabla ya kulipa, na mchana wake nikaitwa mimi.

Ofisi hiyo ina anwani 38 za barua pepe, zote kwenye seva yake yenyewe: mashine ya kukodi yenye Debian (mfumo endeshi), Postfix (inayopokea na kutuma barua), Dovecot (inayotunza visanduku) na Rspamd (inayochuja barua taka na za hatari). Mwenye ofisi alichagua kujitegemea kwa sababu mbili ambazo bado naziheshimu. Kwanza, hati za forodha lazima zitunzwe kwa miaka, na kulipia kila kisanduku kila mwezi kwa miaka hiyo yote kunauma. Pili, hataki nyaraka za wateja wake zikae kwa mtu asiyemjua. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka ClamAV pia, kwa hiyo kwenye karatasi ofisi ilikuwa na antivirasi.

Nilikaa na mhasibu. "Dada, wiki iliyopita ulifungua kitu chochote cha ajabu?"

"Kaka, mimi kwa siku nafungua ankara ishirini. Hii nayo ilikuwa ankara."

Alikuwa na haki. Barua yenyewe tuliipata bado ipo kwenye kisanduku chake, ya Alhamisi iliyotangulia, na kiambatisho chake kilikuwa faili la rar, yaani kifurushi cha mafaili kama zip, lenye jina linalofanana na hati ya shehena. Ndani yake kulikuwa na faili moja, jina lake likiishia kwa .pdf.exe. Windows kwa kawaida huficha kipande cha mwisho cha jina, kwa hiyo yeye aliona pdf. Baadaye ilijulikana kuwa ni moja ya programu za kuiba nywila, jamii ile ya Agent Tesla na Formbook, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikisafirishwa kwa barua zinazojifanya za meli na mizigo. Ofisi ya forodha ni shabaha yake ya asili: hapo ndipo barua kutoka kwa mgeni yenye kiambatisho ni kazi ya kila siku, na kumwambia mfanyakazi asifungue barua za watu asiowajua ni kumwambia aache kazi. Programu hiyo ilisomba nywila alizokuwa amezihifadhi kwenye kivinjari, na ya barua pepe ikiwemo.

Swali la mwenye ofisi likawa moja: antivirasi ilikuwa wapi?

Logi za Rspamd, yaani kumbukumbu za matukio yake, zilijibu haraka. Karibu na barua ile, kama ilivyokuwa kwa kila barua yenye kiambatisho kwa siku tisa mfululizo, palikuwa na alama CLAM_VIRUS_FAIL. Maana yake Rspamd ilimuuliza mkaguzi, mkaguzi hakujibu, na barua ikaendelea na safari. Logi ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ilieleza kilichomsibu mkaguzi: RAM iliisha, kerneli ikachagua mchakato mzito kuliko yote na kuuua. Mchakato huo ni clamd, sehemu ya ClamAV inayokaa macho kukagua, na hakuna aliyeuamsha.

Hapa inafaa kueleza jinsi ClamAV inavyokula RAM, maana watu wengi huiweka bila kujua. Mradi huu ulianzishwa na Tomasz Kojm mwanzoni mwa miaka ya 2000, leo unatunzwa na Talos, kitengo cha usalama cha kampuni ya Cisco, na ni bure. Saini zake, yaani alama za kutambulia virusi vinavyojulikana, ni za mamilioni, na clamd huzipakia zote kwenye RAM ili ijibu haraka. Kwenye seva hii hilo peke yake lilikuwa zaidi ya GB 1. Kisha, tangu toleo la 0.103 la mwaka 2020, saini mpya zinapoingia clamd hupakia seti mpya pembeni huku ikiendelea kukagua kwa ile ya zamani, na kwa muda huo seti mbili huishi pamoja. Ni mpango mzuri kwenye mashine kubwa. Seva hii ilikuwa na GB 2 kwa jumla. Nyaraka za ClamAV zenyewe hupendekeza GB 3 kwenda juu. Kwa hiyo kila saini zilipobadilishwa, seva ilikuwa ikicheza kamari, na usiku mmoja ikashindwa.

Ningeweza kuishia hapo, kuongeza RAM na kuandika ripoti. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonisumbua: je, clamd ingekuwa hai, ingelikamata faili lile?

Bahati nzuri mwenye seva za kukodi huchukua nakala ya diski kila usiku, na programu inayoleta saini, freshclam, ni mchakato tofauti ambao haukufa. Kwa hiyo nakala ya usiku wa Alhamisi ilikuwa na saini za siku ileile, mpya kwa saa kadhaa kuliko barua yenyewe. Nilizitoa nikazipeleka kwenye kompyuta yangu ya mkononi na kumpa clamscan, mkaguzi wa ClamAV wa kuendesha kwa mkono, faili lile, nikimwelekeza atumie saini hizo tu. Jibu: OK. Safi. Nikatoa nakala ya usiku wa Jumamosi. Jibu: FOUND, na jina la virusi.

Jaribio hilo lilichukua chini ya nusu saa, na ndilo lililobadilisha kazi nzima. Hata mkaguzi aliye hai, mwenye saini za siku hiyo, angeipitisha barua ile. Wanaosambaza wezi hawa wa nywila hulifungasha upya faili lao mara kwa mara ili alama yake ibadilike, na saini huja baada ya sampuli kupatikana. Kwa ofisi hii, kati ya barua kuingia na mhasibu kuibofya zilipita dakika kama arobaini. Kulinganisha injini moja ya antivirasi na nyingine kwa asilimia za ugunduzi, kama nilivyokuwa nimeanza kufanya, kungekuwa kujibu swali ambalo kisa hakikuuliza.

Swali lililofaa lilikuwa: barua halali za ofisi hii zina nini ndani? Nilipitia viambatisho vya miezi mitatu kwenye logi, bila kusoma barua za mtu, aina za mafaili tu. Karibu vyote vilikuwa PDF, picha, na majedwali ya Excel. Zip zilikuwepo, nyingi zikiwa na PDF ndani. Faili la kuendesha programu au la kuificha, yaani exe, scr, js, vbs, lnk au iso, halikuwepo hata moja lililo halali. Hata moja. Na faili lililomwibia mhasibu lilikuwa la aina hiyo hasa.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza haukuhusu antivirasi kabisa. Rspamd ina moduli iitwayo mime_types, inayotazama jina na aina ya kiambatisho, na hufungua orodha ya majina iliyomo ndani ya zip, rar na 7z bila kuhitaji saini yoyote. Faili la kuendesha programu, likiwa wazi au ndani ya kifurushi, sasa linakataliwa moja kwa moja. Majina yenye mikia miwili kama .pdf.exe yanakataliwa. Kifurushi ndani ya kifurushi kinakataliwa pia. Niliongeza iso na img, mafaili yanayobeba nakala ya diski nzima, kwa sababu, baada ya Microsoft kuanza mwaka 2022 kuzuia makro (programu ndogo ndani ya hati za Office) za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, wasambazaji wengi walihamia huko na kwenye lnk, yaani njia za mkato za Windows. Kanuni hizi zingeikamata barua ya Alhamisi bila kujua chochote kuhusu virusi vilivyomo.

Vifurushi vyenye nywila vilihitaji mazungumzo. Hakuna injini inayoweza kuona ndani ya zip iliyofungwa kwa nywila bila kuijua nywila hiyo, ingawa kwenye zip ya kawaida majina ya mafaili hubaki wazi hata maudhui yakiwa yamefungwa, na hilo Rspamd hulitumia. Kuna 7z ambayo huficha hata majina. Nilitaka kukataa zote, lakini msambazaji mmoja wa Guangzhou hutuma hati zake hivyo kila wiki. Tulikubaliana hivi: kifurushi chenye nywila kinakataliwa, isipokuwa kutoka kwa anwani chache zilizoandikwa kwa majina na ambazo barua zao zinapita uthibitisho wa DKIM, yaani sahihi ya kidijitali ya seva ya mtumaji. Bila sharti la DKIM orodha hiyo ingekuwa mlango wazi, maana kuandika jina la mtu mwingine kwenye sehemu ya mtumaji ni kazi ya sekunde moja. PDF zenye nywila niliziacha zipite, kwa kuwa benki hutuma taarifa za akaunti kwa njia hiyo.

Baada ya hapo ndipo tukarudi kwenye injini. Mwenye ofisi aliniuliza, "Kijana wangu, tusinunue tu ya hela?" Ni swali la haki kwa mtu aliyekoswakoswa hivyo, na nililichukua kwa uzito.

Injini za kulipia zinazoendeshwa ndani ya seva zipo, na Rspamd inajua kuzungumza na kadhaa. Tatizo langu nazo ni uhai. F-Prot ya Linux, ambayo zamani tuliipenda sana, haipo tena. Sophos nayo ilifunga bidhaa yake ya zamani ya Linux. Ukijenga njia ya barua juu ya leseni kisha mwenye bidhaa akaifunga, unahama kwa lazima, na ofisi yenye anwani 38 haina fundi wa kudumu wa kuhama. Isitoshe, jaribio la nakala za diski lilinionyesha kwamba pengo la saa chache za mwanzo ndilo lililotuumiza, na hakuna muuzaji wa saini anayeweza kuahidi kuliziba lote.

Njia nyingine ni kuelekeza barua zote kwanza kwa kampuni ya nje inayokagua, kisha ndipo ziletwe kwenye seva. Kiufundi hiyo ni njia nzuri: huduma hizo huona barua za watu wengi kwa wakati mmoja, na hufungua viambatisho kwenye mashine za majaribio ili kuona vinafanya nini. Ningeipendekeza bila kusita kwa shule au duka. Hapa kila barua ina nakala za pasipoti, namba za mlipakodi na thamani za mizigo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Inawezekana kuyatimiza, lakini ni kazi ya mwanasheria, na ingeondoa sababu ya pili ya mzee kuwa na seva yake. Alipolisikia hilo alikataa mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo nilimwomba kijana mmoja wa ofisini aache tabia niliyomkuta nayo: alikuwa akipakia viambatisho vya kutia shaka kwenye VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kwa antivirasi nyingi. Faili linalopakiwa huko huweza kusomwa na wanaolipia huduma hiyo. Ankara ya mteja ikishaingia, imetoka mikononi mwako. Nilimwonyesha jinsi ya kutafuta kwa alama ya SHA-256 tu, namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili. Kama faili linajulikana, jibu litakuja bila kulitoa.

Tukabaki na ClamAV, lakini tukiiweka kama safu ya pili na kuipa mahali pa kuishi. RAM iliongezwa hadi GB 4. Nikazima pia upakiaji wa saini seti mbili kwa pamoja, yaani ConcurrentDatabaseReload ikawa no. Gharama yake ni kwamba saini zinapobadilishwa, clamd husimama kwa muda mfupi bila kujibu. Nikajiuliza nini kitokee kwa barua zinazofika wakati huo, na hapo ndipo palipokuwa na ubishi mkali kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Mimi nilitaka mkaguzi asipojibu, barua isipokelewe: seva imwambie mtumaji arudi baadaye, kwa jibu la muda linaloanza na 4. Seva yoyote yenye adabu hurudi baada ya dakika chache na huendelea kujaribu kwa siku kadhaa. Postfix kwa chaguo lake la kawaida hujaribu kwa siku 5. Meneja wa shughuli za bandarini alipinga, na alikuwa na hoja nzito. Hati ikichelewa nusu siku, kontena linalala bandarini na tozo za kuhifadhi zinaanza kuhesabika, na anayezilipa ni mteja. "Wewe unalinda kompyuta," aliniambia, "mimi nina meli."

Tulipatana baada ya kuona kwamba sikuhitaji kuzuia kila kitu. Barua isiyo na kiambatisho hupita hata clamd ikiwa imekufa. Yenye kiambatisho ndiyo inayoambiwa irudi. Kwenye Rspamd hiyo ni kanuni moja ndani ya force_actions, inayounganisha CLAM_VIRUS_FAIL na HAS_ATTACHMENT na kutoa soft reject, yaani lile jibu la muda. Kisha nikaiagiza systemd, msimamizi wa huduma za seva, imwamshe clamd akianguka, na nikaandika kipande kidogo kinachomuuliza clamd kila dakika tano kama yupo. Asipojibu mara mbili, ujumbe unaingia kwenye simu yangu na ya meneja huyo. Yeye ndiye aliyeomba awekwe, na nafurahi aliomba: anayeumia barua zikichelewa ndiye anayepaswa kujua mapema.

Kuhusu saini za ziada za Sanesecurity, mradi wa nje unaotoa saini za ClamAV, nilisitasita. Zinasaidia sana kwa barua za ulaghai na virusi vipya, na waandaaji wake huzipanga kwa hatari ya kukamata barua halali: ndogo, ya kati, kubwa. Niliziweka zote kwanza, kwa wiki mbili, zikiandika alama tu bila kukataa. Barua kadhaa halali za mawakala wa meli zilipata alama, zote kutoka kundi la hatari kubwa. Nikabakiza zile za hatari ndogo.

Kuna mipaka ya ukubwa pia. Faili likizidi kiwango kilichowekwa, clamd huliruka bila kulikagua, na kwa chaguo la kawaida haikuambii. Wasambazaji wanalijua hilo: huongeza mamia ya MB za sifuri tupu ndani ya faili, na kwa kuwa sifuri hubanwa vizuri, kifurushi kinabaki kidogo. Kundi la Emotet lilitumia ujanja huu Machi 2023 kwa mafaili ya Word yaliyozidi MB 500 baada ya kufunguliwa. Nimewasha AlertExceedsMax ili kifurushi cha namna hiyo kionekane kama tukio.

Jambo ambalo fundi aliyetangulia hakulifikiria, na mimi nilikaribia kulisahau, ni kwamba mkaguzi mwenyewe hufungua mafaili ya adui siku nzima. Februari 2023 ClamAV ilirekebisha kasoro CVE-2023-20032 katika usomaji wa faili za HFS+ (mfumo wa diski za kompyuta za Mac), iliyopewa ukali wa 9.8 kati ya 10. Faili moja lililotengenezwa kwa makusudi lingeweza kumpa mshambuliaji nafasi ndani ya mchakato wa ukaguzi. Kwa hiyo clamd inazungumza na Rspamd kupitia soketi ya ndani tu, njia isiyotoka nje ya seva, mlango wa mtandao 3310 umefungwa, na inaendeshwa na mtumiaji asiye na ruhusa nyingine. Kwenye Debian, matoleo mapya ya ClamAV huja kwa hazina ya programu iitwayo stable-updates, na seva hii ilikuwa imeandikiwa hazina ya usalama tu. Mstari mmoja ulikuwa haupo.

Kila kinachokataliwa kinakataliwa wakati mtumaji bado yuko mlangoni, kabla seva haijakubali barua. Kupokea kwanza kisha kumwandikia mtumaji kwamba barua yake ina virusi ni kosa la zamani ambalo bado nalikuta: anwani ya mtumaji karibu kila mara ni ya kughushi, na onyo lako linamwangukia mtu asiyehusika. Barua zinazotoka nazo zinakaguliwa kwa kanuni zilezile. Mhasibu alipoibiwa nywila, barua za kughushi zilitoka kwa jina na kwa IP ya ofisi yenyewe.

Kila Jumatatu asubuhi, seva yangu nyingine hutuma barua mbili kwa anwani ya majaribio. Moja ina faili la EICAR, zile herufi 68 ambazo kila antivirasi imekubali kuzitambua kama virusi bila kuwa virusi. Ya pili ina faili tupu lenye mkia wa exe ndani ya rar. Zote mbili lazima zikataliwe, na moja ikipita napata ujumbe. Ya kwanza humpima clamd. Ya pili hupima kanuni ya aina za mafaili, na hiyo ndiyo ninayoijali zaidi.

Barua ya kubadilisha akaunti ya benki, iliyoanzisha yote haya, haikuwa na kiambatisho. Ilikuwa maneno matupu, na hakuna kati ya niliyoyaweka ambalo lingeizuia. Kwa hilo dada wa uhasibu aliandika barua kwa wateja wote, kwa Kiswahili na Kifaransa, ikisema ofisi haitabadilisha akaunti kwa barua pepe, na kwamba mteja akiona mabadiliko apige namba iliyopo kwenye ankara ya zamani. Mteja wa Lubumbashi alikuwa wa kwanza kujibu. Aliuliza kama anaweza kuitumia barua hiyohiyo, akibadilisha jina tu, kwa wateja wake mwenyewe.